STAA KAIBEBA LANDROVER YA MZEE RUNGWE KWA BEI YA BODABODA, NANI ALAUMIWE?

Wiki hii huko mtandaoni hakuna mkoko uliosifiwa kama ile Landrover ya kijani ya staa mmoja wa Bongo Fleva (jina kapuni). Kaitoa gereji Dar ikiwa inang'aa balaa, kaegemea boneti na kuandika: "Chuma cha mababu." Laiki zikamiminika kama mvua za Tukuyu. Alichosahau kuandika ni kwamba babu mwenyewe bado yupo hai, anaishi Rungwe, na sasa hivi anajiuliza kama alipigwa.

Stori iliyozagaa Tukuyu ni hii. Dalali alipita vijijini akamkuta mzee mmoja mstaafu, Landrover yake 109 imelala kwenye migomba miaka mingi, kuku wanataga ndani. "Shikamoo mzee wangu. Hiki ni chuma chakavu tu, nakusaidia kukusafishia uwanja." Pesa iliyotoka haikuzidi bei ya bodaboda mpya. Gari likapandishwa kwenye Fuso, likaondoka. Familia imekuja kuijua thamani yake ilipoona picha za staa.

Timu staa wanasema biashara ni makubaliano, hakuna aliyeshikiwa panga. Na kweli, kulifufua gari la aina hiyo siyo pesa ya soda. Lakini makubaliano yanakuwepo pale pande zote mbili zinapojua kinachouzwa. Mzee aliyeambiwa ni chuma chakavu hakuuza gari, aliuza chuma chakavu.

Na hicho "chuma chakavu" ni nini hasa? Landrover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma cha pua kilikuwa cha mgao, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Hiyo ndiyo siri ya zile zilizopo Rungwe: mvua inanyesha karibu mwaka mzima, lakini bodi haili kutu. Kinachooza ni chesesi, maana yenyewe ni chuma cha kawaida. Series III, ya mwisho katika zile za kale, iliacha kutengenezwa 1985. Ukoo uliofuata, wa One Ten na Defender, ukafungwa kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Mwaka huohuo kampuni yenyewe ikaanza kutafuta Series I za zamani, kuzifufua na kuziuza upya. Sasa kama mwenye kiwanda anazitafuta, nani kasema ni takataka?

Huko Uingereza wakusanyaji wanakimbizana pia na MG, Triumph na Jaguar E-Type ya 1961, magari ya viti viwili, chini kabisa ya ardhi. Mazuri, hakuna ubishi. Ila yapeleke Mwakaleli kipindi cha masika uone. Gari la kale la heshima Rungwe ni lile lililobeba ndizi, chai, wagonjwa na maharusi kwenye tope hilohilo. Oktoba 2024 Arusha ilifurika Landrover, watu wakiisaka rekodi ya msafara iliyokuwa Ujerumani. Na kuagiza gari chakavu kutoka nje ni maumivu, kuna ushuru wa ziada kwa magari yaliyozidi miaka 8. Kwa hiyo zilizopo vijijini ndizo zinazowindwa, na madalali wanalijua hilo vizuri sana.

Ila lawama zote zisimwangukie staa. Watoto wa mzee wapo mjini, simu janja mkononi, wanajua bei ya raba za kila msanii, lakini bei ya gari la baba hawakuitafuta hata siku moja. Mzee angepigiwa simu moja tu, dalali angeshika adabu.

Wenye vyuma kwenye migomba wajifunze. Kwanza kadi ya gari itafutwe, na namba ya chesesi ifanane na iliyo kwenye kadi. Pili, Landrover nyingi zilishatolewa injini zikafungwa za Isuzu au Toyota. Ile injini ya asili iliyofunikwa mabati nyuma ya nyumba isiuzwe kwa kilo, maana mkusanyaji anaitaka kuliko rangi mpya. Tatu, asikilizwe mnunuzi zaidi ya mmoja, na mauziano yaandikwe mbele ya mashahidi.

Halafu kuna fundi. Staa kaishukuru gereji ya Dar, kamshukuru muuza matairi, kamshukuru mpaka mpiga picha. Fundi wa Tukuyu aliyeifanya ile Landrover itembee miaka yote bila spea, akichonga bushi mwenyewe, hakutajwa. Bila yeye kusingekuwa na cha kupaka rangi.

Hakuna anayemwambia staa arudishe gari. Apande Tukuyu nalo, amwongeze mzee chochote cha maana, ampakie kiti cha mbele wazunguke mpaka Kiwira. Hapo neno "mababu" litakuwa na maana, na Rungwe nzima itamwambia ndaga fijo. Vinginevyo ile ni kiki tu.

Mdau, ungekuwa mtoto wa huyo mzee ungefanyaje? Tupia komenti yako hapo chini.