Kunde za kula ziwekwe majivu, siyo dawa ya tumbaku

Ndugu mkulima wa Itetemia, dawa iliyobaki baada ya kupulizia tumbaku isiingie kwenye chakula. Ukiiweka kwenye kunde kuzuia fukusi, familia inakula sumu. Kuosha na kupika hakuiondoi yote.

Majivu ya jikoni yanatosha. Anika kunde zikauke vizuri. Chekecha majivu yaliyopoa, changanya madebe 4 ya kunde na 3 ya majivu, shindilia kwenye chombo, juu ongeza tabaka la majivu la sentimita 3, kisha funika. Fukusi hawatembei wala kuzaliana. Kabla ya kupika, chekecha na uoshe.

Mfanyabiashara mwenye magunia mengi, nunua mifuko isiyopitisha hewa. Mteja mwenye afya ndiye atakayerudi kununua.