Kampeni ya 2018 Beni na Butembo: nani ataiandika?



Wiki iliyopita nilipita katika mtaa mmoja hapa Butembo, kwa familia iliyopokea jamaa zao waliokimbia upande wa Eringeti. Nilikwenda kuuliza habari ya bei ya unga na muhogo tu. Mama mmoja mzee aliyekuwa akichambua maharagwe akasikia sauti yangu, akanyanyua kichwa.

"Mwanangu, si wewe yule wa redio? Mwaka ule wa Ebola ulituletea maneno ya yule mgombea aliyekuja kwetu. Alisema atatengeneza barabara na daraja, ao alisema barabara tu? Hapa tunabishana kila siku."

Nilinyamaza. Siku ile nilikuwepo, tena nilisimama karibu na jukwaa, telefone mkononi, ninarekodi. Lakini sauti ile niliifuta zamani. Kadi ya telefone ilikuwa imejaa, na kesho yake kulikuwa na mkutano mwingine. Daftari nalo lililowa mvua kwenye pikipiki, njia ya kurudi Beni. Nikamjibu, "Mama, sikumbuki vizuri." Akacheka kidogo: "Basi na wewe uko kama sisi."

Neno lile limenikaa moyoni. Wao walikimbia usiku, wakaacha nyumba, mashamba na makaratasi. Mimi sikukimbia. Kazi yangu ilikuwa kusikia na kutunza, na bado siwezi kumwambia mama yule kama ni daraja ao ni barabara.

Ndiyo maana leo ninaandika maoni yangu mwenyewe, si habari. Ninasema hivi: sisi waandishi wa redio wa Beni na Butembo tuna deni la kitabu. Kampeni ya 2018 tuliitangaza kutwa nzima, lakini hatukuiandika. Tusipoiandika sisi, itabaki mabishano ya watu wanaochambua maharagwe.

Kwa vijana waliokuwa wadogo, nikumbushe kwa ufupi. Ebola ilitangazwa rasmi tarehe 1 Agosti 2018, ikaanzia upande wa Mangina. Mauaji katika wilaya ya Beni yalikuwa yanaendelea tangu Oktoba 2014. Katikati ya misiba hiyo miwili, kampeni ikafunguliwa tarehe 22 Novemba. Wagombea wakaja na magari, tisheti, kofia na muziki. Mwanzoni mwa Desemba Martin Fayulu alifanya mikutano Beni na Butembo, na wagombea ubunge, wa taifa na wa jimbo, walikuwa wanapita mtaa kwa mtaa. Watu walijaa, wakabanana, wakaimba. Hakuna aliyetuambia kwamba mikutano ile ni hatari kupita uchaguzi.

Kisha tarehe 26 Desemba, siku nne tu kabla ya kura, tume ya uchaguzi, CENI, iliyokuwa ikiongozwa na Corneille Nangaa, ikatangaza kwamba mji wa Beni, mji wa Butembo na wilaya ya Beni, pamoja na Yumbi kule Mai-Ndombe, hatutapiga kura tarehe 30. Tungoje mpaka Machi 2019. Sababu kwa upande wetu: Ebola na usalama mdogo. Wapiga kura zaidi ya milioni 1 wakawekwa pembeni. Tarehe 24 Januari 2019 rais mpya akaapishwa. Sisi tulipiga kura tarehe 31 Machi, ya wabunge tu. Rais alikuwa ameshakaa kitini miezi miwili.

Na tarehe 30 Desemba yenyewe, Jumapili, watu wa Beni hawakukaa nyumbani. Walipanga foleni zao wenyewe, wakanawa mikono kwa sababu ya Ebola, wakapiga kura kwenye karatasi. Walijua kwamba haitahesabiwa. Walitaka kuonekana.

Tarehe hizi zote utazipata hata ukiwa Kinshasa ao Ulaya, kwenye intaneti. Kitu ambacho hutapata ni kile tulichokuwa nacho sisi peke yetu. Nani alisimama Oicha akaahidi nini? Wazee walimuuliza nini, na yeye akajibu nini? Mama wauzaji wa soko walisema nini asubuhi ya tarehe 27 waliposikia tangazo? Wale walioandaa zile karatasi za kura waliketi wapi, wakakubaliana vipi? Hayo hayako kwa mwandishi wa shirika kubwa aliyeshuka na ndege siku mbili akarudi. Yalikuwa katika madaftari yetu na telefone zetu, na kila siku yanapotea.

Nchi nyingine wana desturi ya mwandishi kumaliza kampeni halafu akaandika kitabu juu ya kazi hiyo. Marekani kuna kimoja kinachojulikana sana, The Boys on the Bus, cha Timothy Crouse, kilitoka 1973. Crouse aliwafuata waandishi waliokuwa wanamfuata Nixon na McGovern katika kampeni ya 1972. Alionyesha kwamba waandishi wanaosafiri gari moja, wanaokula pamoja na kulala hoteli moja, mwishowe wanaandika habari moja. Hakuna aliyewalazimisha. Kila mmoja aliogopa kuwa peke yake.

Habari hiyo inanigusa mimi mwenyewe, maana sisi tulikuwa na la kwetu baya kuliko basi. Msikilizaji, nisikufiche. Kwetu tunaiita coupage. Mkutano ukiisha, mtu wa mgombea anakuja na bahasha: "Ya usafiri, kaka." Redio yangu wakati ule haikuwa na pesa za mafuta ya pikipiki. Nilikwenda mikutano mingine ndani ya gari la mgombea, na nilipokea bahasha. Siku moja mgombea ubunge mmoja alizomewa na vijana, wakamuuliza alikuwa wapi watu walipokuwa wanachinjwa. Jioni redioni nilisema kwamba "mkutano ulifanyika katika utulivu". Hakuna aliyeniambia niseme hivyo. Bahasha ilikuwa mfukoni, ikasema yenyewe.

Mwenzangu mmoja aliniambia, "Hayo usiyaandike, utatuaibisha sote." Ninamwelewa. Mwandishi anayelipwa kidogo, ao asiyelipwa kabisa, ana watoto kama wengine. Lakini kitabu cha kampeni kisichosema nani alilipa mafuta ya mwandishi ni sehemu nyingine ya kampeni. Mama yule wa Eringeti ana haki kujua kwamba sauti aliyoiamini ilikuwa imepanda gari la nani.

Kuna kosa la pili, nalo ni zito kupita bahasha. Baada ya tangazo la tarehe 26, hasira ilipanda. Tarehe 27 kule Beni waandamanaji walivamia kituo kimoja cha Ebola, na watu waliokuwa wanangojea vipimo wakakimbia. Tangu zamani wasikilizaji walikuwa wanapiga simu redioni kusema Ebola ni mchezo wa siasa, imeletwa ili tusipige kura. Sisi tuliwaacha waseme, tukaweka wimbo, tukaendelea. Uamuzi wa kuzuia kura ulikuwa wa watu, na watu wanaweza kuulizwa. Ugonjwa ulikuwa ugonjwa. Ilikuwa kazi yetu kutenganisha mambo hayo mawili kila siku, tena kwa subira, na wengi wetu hatukuifanya. Ebola ilimalizika tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu zaidi ya 2,200. Siwezi kusema wangapi wangepona kama redio zetu zingesema wazi. Lakini sitaki tujifanye kwamba hatukuwa katika habari hiyo.

Wako waliosema wazi na wakalipa. Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio kule Lwemba, wilaya ya Mambasa, alikuwa anafundisha watu kujikinga na Ebola. Novemba 2019 walimuua nyumbani kwake na nyumba wakaichoma. Kila nikimfikiria ninajiuliza: alichokisikia na kukijua yule ndugu, nani amekiandika? Sauti inazimika pamoja na mwenye sauti.

Najua mtaniuliza: kitabu ni pesa, nani atakichapisha? Na nani atakisoma, wakati watu wanatafuta chakula? Ni maswali ya haki. Jibu langu ni kwamba tusianze na mtambo wa kuchapa. Tuanze na daftari. Tukae waandishi kumi wa Beni, Oicha, Butembo na Lubero, kila mmoja alete alichobaki nacho: karatasi za wagombea, picha, sauti iliyoko kwenye kadi ya zamani. Tuandike mkutano kwa mkutano: tarehe, mahali, nani alisema, aliahidi nini, watu waliuliza nini, nani alilipa usafiri wetu. Fotokopi zinatosha kwanza. Halafu tuisome redioni, sura moja kila juma, kwa Kiswahili na kwa Kinande, ili hata asiyesoma aisikie na atusahihishe.

Mengine yatangojee, nalo ni jambo la akili. Tangu 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, na wenye silaha ni wengi. Jina la shahidi anayeishi karibu na msitu lisitiwe kwenye karatasi. Maneno ya mgombea aliyesema mbele ya watu elfu moja si siri ya mtu.

Wengine watasema 2018 imepita, na mwaka 2023 Beni na Butembo tulipiga kura. Kweli tulipiga. Lakini tarehe 20 Desemba 2023 ilikuwa zamu ya Masisi na Rutshuru kubaki nje, kwa sababu ya vita. Kitu kilichotupata sisi kikawapata jirani zetu, na redio zikatangaza kana kwamba ni mara ya kwanza. Kama kungekuwa na kitabu chetu mezani, mtu angeliuliza CENI swali lililo sawa: tangu Beni na Butembo, mmebadilisha nini ili raia wa mahali pa vita asipoteze rais wake?

Kwenu mliohama, nina ombi. Wengi wenu mlikimbia bila kadi ya mpiga kura, na kadi hiyo ndiyo kitambulisho chetu. Lakini kichwani mlikimbia na kampeni nzima. Mnakumbuka nani alifika kijijini, aliwapa nini, aliahidi nini. Mwambie mtoto anayesoma aandike kwenye daftari la shule, ukurasa wa mwisho: siku, mahali, jina la mgombea, ahadi. Tukipita, tuonyesheni. Hatutawapa pesa, nanyi msitupe.

Na kwenu waandishi wenzangu: mwaka 2028, Mungu akipenda, magari yatarudi na tisheti mpya. Mgombea atasimama palepale na kusema ataleta barabara. Ningependa siku hiyo mmoja wetu awe na karatasi mkononi, amuulize kwa heshima: mheshimiwa, na ile ya 2018?

Mimi nimeanza. Nimenunua daftari la kurasa mia mbili, na ukurasa wa kwanza nimeandika swali la mama yule. Jumamosi ninarudi kwake na telefone, lakini safari hii sitauliza bei ya unga. Nitamwomba aniambie yeye alisikia nini, kisha nitawatafuta majirani zake wengine waliotawanyika, mpaka tujue kama ilikuwa daraja ao barabara tu.