Mkono ukivuka mpaka, fidia hubaki Mbarara

ALFAJIRI, barabara inayopita Masha kutoka Isingiro kwenda Mbarara huwa na pilikapilika. Malori ya ndizi yanapishana na pikipiki zilizobeba watu watatu watatu. Miongoni mwa wasafiri hao wamo vijana kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, wanaokwenda mjini kutafuta kibarua. Jioni wengi hurudi salama. Wachache hurudi na kitambaa kilichofungwa mkononi, na baada ya miezi michache hupanda gari la kurejea kwao na mkono ule ule usiofanya kazi, bila senti ya fidia.

Mbarara ni mji wa maziwa. Katika viwanda vya maziwa, mitambo husafishwa kwa kostiki soda na asidi, mabomba hupitisha mvuke wa moto, sakafu huwa na maji kutwa nzima, na ubaridi wa mashine kubwa mara nyingi hutokana na amonia, gesi ambayo ikivuja huchoma macho na mapafu. Ukitoka huko kuna karakana za useremala, kuchomelea vyuma na mashine za kusaga mahindi, ambazo zimejaa hata ndani ya Nakivale kwenyewe. Mashine ya kusaga yenye mkanda usiofunikwa humvuta mtu kwa shati kabla hajapiga kelele.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri kufunika sehemu za mashine zinazozunguka na kutoa vifaa vya kujikinga kwa gharama zake mwenyewe, siyo kukata fedha za buti na glavu kwenye ujira wa kibarua. Inampa pia mfanyakazi haki ya kuondoka mahali penye hatari ya dhahiri. Ila nani ataondoka, wakati nje ya geti wapo wenzake kumi wanaosubiri nafasi yake?

Jambo ambalo wengi hawalijui liko katika Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Kwa sheria hii, mfanyakazi ni mtu yeyote anayefanya kazi kwa ujira, isipokuwa mkandarasi wa kujitegemea. Haimtaki awe raia. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 nayo inampa mkimbizi haki ya kuajiriwa. Kwa hiyo kauli ya msimamizi kwamba "wewe ni mkimbizi, huna fidia" haina mguu wa kusimamia. Hata ile ya "ulizembea mwenyewe" haimwondolei mwajiri mzigo, kwa kuwa fidia hulipwa hata pale uzembe ulipokuwa wa mfanyakazi. Aliyepata ajali akiwa njiani moja kwa moja kwenda kazini au kutoka kazini naye amo.

Kiasi chenyewe si kidogo. Anayekufa na kuacha wategemezi, au anayepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi, hukadiriwa mapato ya miezi 60. Aliyepoteza sehemu ya uwezo hupata asilimia ya kiasi hicho, kadiri daktari atakavyopima. Tuseme kibarua analipwa shilingi 10,000 za Uganda kwa siku na anafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 260,000 kwa mwezi, na kwa miezi 60 ni milioni 15.6. Akipoteza vidole na daktari akasema uwezo umepungua kwa asilimia 20, haki yake ni zaidi ya milioni tatu. Sasa linganisha na laki mbili anazowekewa mezani ili atie kidole gumba kwenye karatasi na aende zake. Makubaliano ya namna hiyo yanapaswa kupita kwa ofisa wa kazi wa serikali, na yasiwe chini ya kiwango cha sheria.

Tatizo ni ushahidi. Hesabu yote hutegemea mapato halisi ya mtu, na kibarua hana hati ya mshahara. (Kima cha chini cha Uganda, shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa mwaka 1984, hivyo hakimsaidii mtu yeyote.) Isitoshe, wengine huajiriwa kupitia wakala. Ajali ikitokea, kiwanda humwelekeza majeruhi kwa wakala na wakala humrudisha kiwandani. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinakataza kumweka mtu kuwa kibarua kwa zaidi ya miezi minne, lakini ni rahisi kumsimamisha mtu wiki moja na kumwita upya.

Hapa ndipo anayerejea kwao anapoumia zaidi. Nchini Tanzania, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015, hukusanya michango ya waajiri na kulipa majeruhi. Rwanda nayo ina mchango wa mwajiri kwa ajili ya ajali za kazini, unaokwenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Uganda imebaki na utaratibu wa zamani, ambapo deni ni la mwajiri huyo mmoja na bima anayotakiwa kuwa nayo. Hakuna ofisi ya mfuko ya kuandikia barua ukiwa Ngara au Bujumbura. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mfanyakazi mgeni hifadhi sawa na mwenyeji, ila haimfuati nyumbani na hundi.

Kwa hiyo aliyejeruhiwa amalize shauri lake kabla ya kujiandikisha kwenye msafara wa kurejea. Aripoti kwa mwajiri na kwa ofisa wa kazi wa eneo lilipotokea tukio. Ajali ya Mbarara si ya ofisi ya Isingiro. Achukue cheti cha hospitali kinachotaja kuwa ni ajali ya kazini, na ahifadhi kadi ya mahudhurio na ujumbe wa simu wa malipo. Ujumbe huo ni ushahidi wa mapato ambao wengi huufuta ili kupata nafasi kwenye simu.

Wafanyabiashara wa mpakani nao wajitazame. Mwenye mzigo wa ndizi au mahindi unaokwenda Kikagati, ng'ambo ya Murongo, huchukua vijana wanne kupakia lori, akawalipa mkononi na kuondoka. Mmoja akianguka kutoka juu ya shehena na kuvunjika mgongo, mwajiri wake ni nani: dereva, mwenye lori au mwenye mzigo? Aliyewaita na kuwalipa ndiye atakayetafutwa kwanza, na wengi wa wanaofanya hivyo hawana bima yoyote ya wapakizi.