Sparta Haikuwa Shule ya Ushujaa

Siku hizi kila anayetaka kuuza nidhamu humtaja Msparta. Mwalimu wa mazoezi humtaja, mhubiri wa mafanikio humtaja, na mwanasiasa aliyechoshwa na kelele za bunge naye humtaja. Filamu ya 300, iliyotoka mwaka 2006, ndiyo iliyotia petroli kwenye moto: vifua wazi, mashuka mekundu, wanaume mia tatu wakiizuia Uajemi nzima kwenye njia nyembamba. Basi watu wameamini kwamba Ugiriki ya kale ilikuwa na mji mmoja uliokataa starehe, ukalea wanaume wa chuma, na kwa sababu hiyo ukawa hauguswi.

Ni imani mbovu. Mbaya zaidi, inamsifu bwana na kumsahau aliyemlisha.

Kwanza hao mia tatu. Mwaka 480 KK mfalme Leonidas wa Sparta alisimama kwenye njia hiyo, Thermopylae, akiwa na Wagiriki wapatao 7,000 kutoka miji mingi. Waajemi walipoonyeshwa njia ya mlimani na wengi wakaondoka, watu 700 wa mji mdogo wa Thespiae walikataa kuondoka, wakafia palepale. Nani amewahi kuvaa fulana yenye jina la Thespiae? Hata hivyo Waajemi walipita, wakaenda kuichoma Athene. Kilichowavunja nguvu ni vita vya baharini vya Salamis, ambako merikebu nyingi zilikuwa za Waathene. Mwaka uliofuata, huko Plataea, Wasparta walipigana vizuri kwelikweli, na hapo sibishi. Lakini mwanahistoria Herodotus anasema kila Msparta alikwenda Plataea akiwa na waheloti saba: Wasparta 5,000, waheloti 35,000. Kwenye filamu hao hawaonekani.

Waheloti walikuwa Wagiriki pia. Wengi wao walikuwa watu wa Messenia, nchi jirani ambayo Sparta iliiteka, ikawafunga wenyeji kwenye mashamba yaleyale yaliyokuwa yao, wawalimie mabwana wapya. Raia wa Sparta hakushika jembe, hakufanya biashara, hakuwa fundi wa chochote. Muda wake wote wa kujifunza mkuki na ngao ulilipiwa na jasho la mheloti. Na kila mwaka maefori, wakuu watano waliochaguliwa na raia, walitangaza vita rasmi dhidi ya waheloti hao, ili atakayemuua mmoja asihesabiwe kuwa na hatia mbele ya miungu. Vijana teule walipewa majambia, wakajificha mchana na kuwinda watu usiku.

Ukishalijua hilo, nidhamu yote ile inaeleweka. Sparta iliishi kama kambi kwa sababu ilikuwa imelala na adui ndani ya nyumba yake. Tetemeko la ardhi lilipoipiga mnamo mwaka 464 KK, waheloti hawakungoja vumbi litulie. Waliasi, wakajichimbia mlima Ithome, na ilichukua miaka kuwatoa.

Lipo tukio moja ambalo ningependa kila shabiki wa Sparta alisome taratibu. Mwaka 425 KK, katikati ya vita na Athene, kikosi cha Wasparta kilizingirwa kwenye kisiwa kidogo cha Sphacteria. Chakula kikaisha. Wakubwa wa Sparta wakatangaza kwamba mheloti atakayepenyeza chakula atapewa uhuru. Waheloti wakaogelea chini ya maji, wakivuta kwa kamba viriba vilivyojaa mbegu za mpopi zilizochanganywa na asali na mbegu za kitani zilizotwangwa. Watu wa chuma wakala. Kisha wakajisalimisha: watu 292 walitekwa hai, na kama 120 kati yao walikuwa raia kamili wa Sparta. Ugiriki nzima ilishika kichwa, kwa kuwa iliaminika Msparta hufa na silaha mkononi. Sparta ikaomba amani. Jeshi lake lilikuwa likiivamia nchi ya Athene karibu kila mwaka. Likakoma, kwa kuwa Waathene waliapa kuwachinja mateka hao siku likivuka mpaka. Dola iliyojisifu kudharau kifo ilifungwa mikono na maisha ya watu 120.

Hofu ya waheloti ikazidi. Mwanahistoria Thucydides anasimulia kwamba Wasparta waliwaambia waheloti wateue miongoni mwao wale waliojitokeza zaidi vitani, wapewe uhuru. Wakateuliwa kama 2,000. Wakavishwa mataji, wakazungushwa kwenye mahekalu wakishangilia. Baada ya muda mfupi hawakuonekana tena, na hakuna aliyejua kila mmoja alikufa vipi. Waliuawa kwa sababu walikuwa mashujaa.

Najua jibu linalokuja: mbona hatimaye waliishinda Athene? Waliishinda, mwaka 404 KK, kwa dhahabu ya Waajemi. Merikebu za Lysander, jemadari wa Sparta, na mishahara ya wapiga makasia wake vililipwa na mwana wa mfalme wa Uajemi, Cyrus. Na nguo ya kuazima haisitiri matako: kufikia mwaka 386 KK, Sparta ilikuwa msimamizi wa mkataba ulioikabidhi miji ya Wagiriki wa Asia kwa mfalme wa Uajemi. Hao ndio warithi wa Thermopylae.

Kuporomoka nako kulitoka ndani. Ili uwe raia kamili ilikupasa kupeleka kila mwezi shayiri, divai, jibini na tini kwenye meza ya pamoja ya wanaume, ile iliyosifika kwa mchuzi mweusi wa nyama na damu ya nguruwe. Ukishindwa, unavuliwa uraia. Ardhi ilipozidi kukusanyika mikononi mwa familia chache kwa mahari na urithi, wengine walishindwa kulipa, wakatoka mmoja mmoja. Kwa mujibu wa Herodotus, mwaka 480 KK Sparta ilikuwa na wanaume 8,000. Mwaka 371 KK, huko Leuctra, Epaminondas wa Thebes alikabili jeshi lililokuwa na raia 700 tu wa Sparta, akaua 400 pamoja na mfalme wao. Haikupita miaka miwili Messenia ikawa huru. Aristotle alisema wazi: mji ule haukuweza kuhimili pigo hata moja, uliangamia kwa uhaba wa watu. Athene ilipoteza maelfu kwa tauni na maelfu zaidi huko Sicily, na ikasimama tena.

Sifa hizi zimetoka wapi, basi? Kwa sehemu kubwa, kwa wageni waliovutiwa. Mwandishi Xenophon alikuwa Mwathene aliyefukuzwa kwao, akapewa shamba na Wasparta. Plutarch aliandika karne nyingi baadaye, chini ya Warumi, wakati Sparta ilikuwa imegeuka kivutio cha watalii: wavulana walichapwa viboko mbele ya madhabahu ya mungu wa kike Artemis Orthia, na baadaye yakajengwa hapo majukwaa ya kuketisha watazamaji.

Wasparta wenyewe waliona mapema zaidi kwamba mambo yameharibika. Karne ya 3 KK, walipobaki raia kama 700, mfalme kijana Agis wa Nne alitaka kufuta madeni na kugawa ardhi upya, kwa jina la sheria za wazee haohao wanaosifiwa leo. Matajiri wakamnyonga gerezani, pamoja na mama yake na bibi yake. Miaka kama kumi na mitano baadaye mfalme Cleomenes wa Tatu alifanikiwa kidogo, lakini alipobanwa na Wamakedonia, akiwa hana fedha wala askari wa kutosha, aliwauzia waheloti uhuru wao, mina tano kwa kila kichwa. Waliojitokeza na fedha hiyo mkononi walikuwa 6,000. Mwaka 222 KK akashindwa Sellasia hata hivyo. Alikuwa amekwenda kuwaomba waheloti akiwa amechelewa karne kadhaa.