Kabla hujalipaka gari lako lami, inama ulitazame tumbo

Umelipata. Gari limetoka bandarini Mombasa, namba plati bado inang'aa, na mtaani wameanza kukuita mdosi. Unalipeleka gereji hapa Kisii kubadilisha oili, fundi mmoja anakwambia: "Lipake dawa ya kutu upesi, huku kwetu ni baridi na matope." Mwenzake aliye kando anacheka: "Wacha kumla pesa. Kutu ni shida ya watu wa Mombasa." Sasa wewe umsikize nani?

Wote wawili wana nusu ya ukweli. Kuna magari yanayohitaji hiyo dawa na kuna yasiyohitaji. Lakini ukipaka bila kwanza kutazama chini ya gari, hasara yake ni kubwa kuliko ya kutopaka kabisa.

Tuanze na kutu yenyewe. Chuma kinaliwa kikipata maji na hewa kwa pamoja. Ukiongeza chumvi, kazi inaenda mbio, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme mdogo unaosukuma ule ulaji. Ndiyo maana Kanada, Ulaya ya kaskazini na majimbo ya baridi ya Marekani watu huhangaika sana na kutu. Msimu wa theluji, barabara zao humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inarukia tumbo la gari miezi kadhaa kila mwaka. Mombasa nako kuna upepo wa bahari.

Huku kwetu hakuna theluji wala bahari. Hapo yule fundi wa pili yuko sawa. Ila tuko juu, mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nyamira iko juu zaidi. Mvua inapita milimita 1,500 kwa mwaka, na hata miezi inayoitwa ya kiangazi haikauki vizuri. Usiku ni baridi, asubuhi ni umande. Gari linalolowa jioni linaweza kuamka bado limelowa. Chukua ile njia ya majani chai ya Kebirigo au Nyansiongo wiki ya mvua, halafu chungulia ndani ya madigadi. Utapata tope limejishindilia pale kama matofali. Juu linaonekana kavu, ndani lina maji. Hapo ndipo kutu hujenga nyumba.

Halafu kuna kitu ambacho watu hawakifikirii: mbolea. Msimu wa kupanda, nusu ya Probox za huku hubeba magunia ya mbolea. Gunia likipasuka, chembe zinaingia chini ya zulia la buti, zinavuta unyevu, na zinakuwa maji ya chumvi. Mbolea ni chumvi pia, hata kama haiwezi kukaa mezani. Kwa hivyo usiseme Kisii hatuna chumvi. Tunaibeba wenyewe, tena kwa nauli.

Kuna jambo la tatu. Gari tunaloita jipya kwa kawaida ni jipya kwetu tu. Sheria ya Kenya inakubali gari lililotumika lisilozidi miaka 8, na mengi hutoka Japani. Japani nayo ina theluji. Hokkaido, Aomori, Akita, Niigata, huko kote hunyeshewa theluji nzito, na barabara hutiwa dawa za chumvi. Gari lililoishi Sapporo miaka saba linaweza kufika Kisii likiwa na rangi safi kabisa juu na chasisi iliyoanza kumomonyoka chini.

Hilo unaweza kulijua kabla ya kutuma pesa. Muulize anayekuuzia akupe karatasi ya mnada. Kwenye ule mchoro wa gari, alama ya S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Angalia pia mnada ulikuwa mji gani na gari lilisajiliwa wapi. Usitosheke na kuambiwa lilikaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Ukaguzi unakuambia lilivyokuwa siku ile, hauwezi kukuapia miaka yako mitano ijayo.

Sasa tuje kwa ile lami nyeusi. Wapo wauzaji wanaopuliza rangi nyeusi nzito chini ya gari ili lionekane limetunzwa. Chuma kikiwa safi na kikavu, hiyo rangi inasaidia. Chuma kikiwa na kutu, umeifunika tu kidonda kwa nailoni. Unyevu unabaki ndani, kutu inaendelea kula gizani, na wewe huoni kitu mpaka siku fundi anapoweka jeki na inapenya sakafu.

Na hii si hadithi ya urembo. Paipu za breki ni za chuma, na katika magari mengi zinapita huko huko chini. Ikitoboka moja, mafuta ya breki yanamwagika na pedali inashuka hadi sakafuni. Fikiria hilo likitokea kwenye mteremko kati ya Keroka na Kisii, ndani ya Probox iliyobeba watu ambao sote tunajua hawatoshi mle. Vijana wengi hapa wananunua hizo gari kwa mkopo wa sacco au pesa za chama. Gari ndilo kazi yao, na abiria ni mama zetu wanaotoka sokoni. Ukiwa dereva, kujua hali ya chuma kile ni jukumu lako kama leseni yako.

Basi, upake au usipake? Jiulize utakaa na gari muda gani. Kama unapanga kuliuza baada ya miaka miwili, unalala mjini na unaendesha lami tupu, weka pesa yako mfukoni. Osha tumbo la gari kila baada ya safari ya matope, toa tope ndani ya madigadi, na hakikisha vile vitundu vya chini ya milango havijaziba, maana kazi yake ni kutoa maji. Hiyo peke yake inashinda dawa nyingi.

Kama unataka kukaa nalo miaka mitano na zaidi, au linapiga kazi za mashambani, au lilitoka sehemu za theluji, basi paka. Lakini paka kwa mpango. Ngoja Januari au Februari, mvua ikipungua. Oshwa chini kwa maji ya presha, liache likauke kweli kweli, si saa moja. Penye kutu pasuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kisha praima, ndipo dawa. Mimi ningechagua ile ya nta au ya mafuta inayopenya, inayokuacha uone chuma, kuliko lami nene inayoficha kila kitu. Ya mafuta inahitaji kurudiwa karibu kila mwaka. Mwambie fundi asiguse diski za breki, ekzosi wala mipira. Na kama ulibahatika kununua gari la kilomita sifuri kutoka shorumu, soma dhamana kwanza, kwa sababu kutoboa bodi ili kupuliza dawa kunaweza kuifuta.

Na tafadhali, achana na ushauri wa kupaka oili chafu ya injini. Ni bei rahisi, ndiyo, lakini inaharibu mipira na bushi, na mvua ya kwanza inaiosha yote hadi mtaroni. Mitaro yetu inaishia mto Gucha, na kuna watu wanachota maji huko.

Wenye yadi nao wana la kufanya. Gari lililopakwa nyeusi chini linunuliwe likiwa limeinuliwa, na mnunuzi aruhusiwe kukwaruza kidogo aone kilicho nyuma ya rangi. Muuzaji akikataa, hilo ni jibu tosha. Wewe mnunuzi, beba tochi na kadibodi ya kulalia. Dakika kumi ukiwa chini ya gari zitakuonyesha mengi ambayo rangi na kiti cha ngozi haviwezi kukuonyesha. Usitie sahihi kabla ya hizo dakika kumi.