Kazi ya Data na Swali la "Umeolewa?"



Msimu wa harusi ukifika huku visiwani, mazungumzo yetu ni hina, mishono na ukumbi. Leo tuvumilieni. Tunataka kuzungumza na maharusi habari ya kazi, tena kazi ya takwimu.

Tunaye mwenzetu wa Mkotokuyana, Nachingwea, ambaye mwaka 2022 alikuwa karani wa sensa. Ile ndiyo sensa ya kwanza nchini kufanywa kwa vishikwambi badala ya makaratasi. Alipita nyumba kwa nyumba katika vumbi la Agosti, akiuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23. Swali jepesi, mtu atasema. Basi kaulize kwa bwana mwenye wake wawili na nyumba mbili! Bi mkubwa anasema alilala kwangu, bi mdogo naye ni hivyo hivyo, na wewe ukiandika yote bwana mmoja anakuwa wawili. Mwenzetu alikaa mkekani, akauliza kwa adabu bila kumfedhehesha mtu, mpaka akapata jawabu moja. Kwa majawabu ya namna hiyo ndipo Tanzania ikajua ina watu 61,741,120, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Na Mtakwimu Mkuu wa Serikali wakati ule, Dk. Albina Chuwa, ni mwanamke.

Kwetu sisi, sayansi ya data inaanzia pale mkekani. Kompyuta huchambua kile ilichopewa tu.

Baadaye mwenzetu alijifunza uchambuzi wa takwimu, akaomba kazi katika kampuni moja ya teknolojia Dar es Salaam. Jina tunaliacha. Jopo la usaili lilikuwa la wanaume watatu. Habari ya sensa hawakuigusa. Walimuuliza: Umeolewa? Utazaa lini? Na huo mtandio ndio wa kila siku? Hakuitwa tena.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Bara, inakataza kumbagua mtu kwa jinsia, ndoa, ujauzito au dini, na inamlinda hata anayeomba kazi. Akishaajiriwa, likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo. Kwa hiyo maswali yale hayakuwa utani wa kuvunja ukimya, na dada akiulizwa ana haki ya kujibu kwa upole: naomba tuzungumzie kazi.

Wala tusitegemee mashine itatuonea huruma. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon ilijaribu programu ya kuchuja waombaji kazi. Ilifundishwa kwa maombi ya miaka 10, mengi ya wanaume, ikajifunza kuyashusha yale yenye neno linaloashiria wanawake. Kampuni ikaiacha. Angekuwepo tangu mwanzo mtu wa kuuliza "mbona humu wanawake hatuwaoni?", pengine isingefika huko.

Lakini tuseme kweli, swali la jopo lile tunaliuliza hata sisi, mawifi na mama wakwe. Posa ikija tu: kazi ataacha lini? Tunasahau kwamba Bi Khadija alikuwa mwenye mali na ndiye aliyekuwa akiajiri, na aliyemtafuta alimtafuta kwa sifa ya uaminifu. Biharusi, jambo hili liseme mapema, posa ikiwa bado mezani, kabla kadi hazijachapishwa. Ukilisubirisha hadi baada ya fungate, litaitwa ukaidi.

Mwenzetu anaolewa baada ya msimu wa korosho. Suala la kazi limeshazungumzwa mbele ya walii wake na wazee wa pande zote mbili, na bwana harusi ameridhia. Maombi mengine matatu yamekwenda. Safari hii, mstari wa kwanza wa barua ni ule wa sensa.