Mizani ya Mtoto na Chumba Kisichopaswa Kufutwa

Mwaka juzi nilikuwa katika kliniki ya watoto, si mbali na njia ya zamani ya misafara inayotoka Tabora kuelekea Ujiji, asubuhi ambayo kila mtoto aliyewekwa kwenye mizani alionekana amepungua. Mama wa kwanza alikaripiwa. Wa pili aliulizwa kama amemwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati. Wa tatu, bibi aliyemleta mjukuu wake, hakukubali. “Nesi,” alisema kwa utulivu, “huyu namбeba mgongoni kila siku. Angekuwa amepungua, mgongo wangu ungejua kabla ya mashine yako.”

Muuguzi wa zamu, na hii ni sifa yake, hakumjibu bibi yule kwa ukali. Alizitazama kadi tatu zilizokuwa mezani, akanyamaza kidogo, kisha akamtuma kijana dukani kuleta pakiti tano za sukari za kilo moja moja. Mizani ikasoma kilo 4.60. Sukari ilipoondolewa ikasoma 0.00 sawasawa, na ndiyo maana hakuna aliyekuwa ameishuku: sifuri yake ilikuwa sifuri kweli. Kosa lilikua kadiri mzigo ulivyokua. Mtoto wa kilo 8 alikuwa akiandikiwa 7.36, na mstari wa kadi yake ukashuka mbele ya macho ya mama aliyemlisha vizuri mwezi mzima.

Mizani ile ilikuwa imerudi kutoka kwa fundi wiki moja kabla. Kioo chake kilikuwa kimeganda. Fundi akaandika upya programu katika chipu, kioo kikawaka, akairudisha. Nilipomtafuta niliona kuwa si mzembe hata kidogo. Alifanya jambo ambalo mafundi wengi hufanya: alibonyeza amri ya kufuta chipu yote, kisha akaandika programu mpya. Hakujua kwamba ndani ya chipu hiyo kulikuwa na chumba kimoja kidogo ambacho hakikupaswa kuguswa.

Jambo hili linastahili kuelezwa kwa kituo, kwa sababu linahusu vifaa vingi kuliko mizani. Chini ya sahani ya mizani ya kidijitali kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana mtoto anapowekwa juu yake. Kupinda huko hubadilisha umeme kwa kiasi kidogo, na mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja, huugeuza umeme huo kuwa namba. Lakini namba hiyo bado si kilo. Ili iwe kilo, ni lazima izidishwe kwa kigezo kinachokihusu kipande kilekile cha chuma, kwa maana hakuna vipande viwili vinavyopinda sawasawa. Kiwandani huwekwa jiwe la uzito unaojulikana, kigezo kikapatikana, kikahifadhiwa katika kumbukumbu ya chipu. Hiyo ndiyo kalibresheni. Programu ni ileile kwa mizani elfu moja. Kigezo ni cha mizani moja tu.

Kumbukumbu ya mikrokontrola imegawanywa katika mafungu. Chukua ATmega328P, chipu inayojulikana sana na wanafunzi wa elektroniki. Ina kilobaiti 32 za programu, na pembeni ina fungu jingine la kilobaiti 1 kwa ajili ya mambo yanayopaswa kubaki hata umeme ukikatika. Mtengenezaji wa chipu aliweka biti moja, EESAVE, ambayo ikiwashwa fungu hilo dogo husalimika hata amri ya kufuta chipu yote inapotolewa. Chipu inapotoka kiwandani biti hiyo haijawashwa. Asiyeiwasha amekubali, bila kujua, kwamba kalibresheni itaondoka pamoja na programu. Familia ya MSP430F2xx imekwenda hatua mbele: ina mafungu manne madogo ya habari, kila moja baiti 64, na fungu la A, ambamo mtengenezaji huhifadhi vigezo vya chipu yenyewe, lina kufuli lake la pekee. Mtu hawezi kulifuta kwa bahati mbaya. Ni lazima kwanza alifungue kwa makusudi.

Fungu likishafutwa, biti zake zote huwa moja moja. Hapo ndipo programu nzuri hutofautiana na mbaya. Programu nzuri husoma fungu, ikaona kuwa halina maana, ikakataa kupima na kuandika neno la hitilafu kwenye kioo. Programu ya mizani ile iliona fungu tupu ikachukua kigezo cha wastani kilichoandikwa ndani yake, ikaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwangu mimi hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki, na halikufanywa Tabora.

Sitaki kutia chumvi. Asilimia 8 katika kipimo cha dawa, kwa dawa nyingi, haiui mtu. Artesunate ya sindano kwa mtoto wa chini ya kilo 20 hutolewa miligramu 3 kwa kila kilo; mtoto wa kilo 8 aliyeandikwa 7.36 atapata takriban miligramu 22 badala ya 24. Madhara makubwa zaidi yako penye mipaka. Mtoto mchanga wa chini ya gramu 2,500 huhesabiwa kuwa amezaliwa na uzito pungufu na huhitaji uangalizi wa pekee. Kigezo cha wastani kingeweza vilevile kukosea upande wa pili: mtoto wa gramu 2,350 akasomwa 2,540, akaruhusiwa kwenda nyumbani pamoja na wenzake wazima. Hakuna bibi ambaye angelalamika siku hiyo, na hakuna ambaye angetuma sukari.

Njia hii ya Tabora ina ushahidi wa zamani wa kifaa kilichopoteza usahihi wake safarini. Burton na Speke walifika Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, Novemba 1857, na Februari 1858 wakafika Ujiji. Ili kujua kimo cha Ziwa Tanganyika juu ya usawa wa bahari walichemsha maji na kusoma kipimajoto, kwa sababu maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri mtu anavyopanda juu. Speke alipata futi 1,844, yaani takriban mita 560. Uso wa ziwa uko karibu mita 770. Kosa la mita 200 hivi linatokana na tofauti isiyofikia hata nyuzi moja ya joto. Kipimajoto hakikuvunjika, nacho kilisoma bila kusita. Namba yake ikaandikwa vitabuni na kuchorwa katika ramani. Kipimajoto kilichopasuka hakimdanganyi mtu.

Na mahali penyewe ni sehemu ya kipimo. Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta na takriban mita 1,200 juu ya bahari, na mvutano wa dunia hapa ni dhaifu kidogo kuliko Ulaya ya kaskazini. Mizani ya namna hii iliyorekebishwa kaskazini mwa Ujerumani, ikiletwa hapa bila kurekebishwa tena, itampunja mtoto wa kilo 3 gramu 10 hivi. Ni kidogo, nami nalitaja kwa kupita tu, lakini linaonyesha kwa nini nakala ya kigezo kutoka mizani nyingine, au kutoka kiwandani, haitoshi kurudishwa chumbani. Kigezo ni cha kifaa hiki, mahali hapa.

Wapo wahandisi wenzangu wanaosema dawa ni rahisi: chipu yote ifungwe, fundi wa mkoani asiweze kusoma wala kuandika chochote. Napingana nao. Mizani ikifungwa hivyo, siku kioo kinapoganda itasafirishwa kwa reli zaidi ya kilometa 800 hadi Dar es Salaam, au itakaa stoo ya zahanati ikikusanya vumbi mpaka iandikwe chuma chakavu. Zaidi ya hayo, kufuli la chipu nzima mara nyingine ndilo linaloangamiza kile tunachotaka kukilinda. Katika chipu nyingi za STM32, mtu akiondoa kinga ya kusomwa ya daraja la kwanza, chipu hujifuta kumbukumbu yake ya programu yote. Ni njia ya kumzuia mwizi wa programu. Kama kalibresheni imewekwa humo, nayo imekwenda. Mtengenezaji amelinda siri yake ya biashara, na mtoto amelipa gharama.

Ninalotetea ni kufuli la chumba kimoja, si la nyumba nzima. Fungu la kalibresheni lizuiwe kuandikwa, lakini liachwe wazi kusomwa, ili fundi aweze kulinakili kabla ya kazi na kulilinganisha baadaye. Sehemu ya programu iachwe itengenezeke. Chipu nyingi za leo zinaweza kufanya hivyo, kwa kuwa kinga ya kuandikwa huwekwa fungu kwa fungu, na gharama yake ni saa chache za mhandisi aliyeandika programu. Pembeni ya vigezo iwekwe namba ya uhakiki inayokokotolewa kutokana na vigezo vyenyewe. Namba ikikataa, mizani isipime.

Tunaoandika maelezo ya zabuni tuna nguvu hapa kuliko tunavyodhani. Tunataja rangi ya sahani na urefu wa waya. Sijaona zabuni nyingi zinazouliza kalibresheni inakaa katika fungu gani na inalindwaje. Swali hilo linaenea katika mstari mmoja, na lingeulizwa pia kwa mashine za shinikizo la damu, pampu za dripu na mashine za kuzalisha oksijeni, ambazo zote hutegemea vigezo vya namna hiyo. Mashine ya oksijeni inapaswa kumwonya muuguzi pale usafi wa hewa unaposhuka chini ya asilimia 82. Kama kihisi chake kimesahau kigezo chake, onyo hilo litakuja wakati usiofaa au lisije kabisa.

Kwa mafundi ombi langu ni fupi. Kabla ya kufuta, soma kumbukumbu yote na uhifadhi nakala yake kwa jina la namba ya kifaa. Kisha kifaa kisitoke mezani pako mpaka kimepimwa kwa jiwe la uzito unaojulikana, na si kwa sifuri peke yake.

Wauguzi hawana haja ya kujua habari za mafungu wala biti. Pakiti tano za sukari zinatosha kuonyesha kosa kubwa, ingawa jiwe la kilo 5 lililohakikiwa ni bora zaidi. Mkulima wa tumbaku wa Urambo anajua kwamba mizani ya kibiashara inapaswa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo, na akiwa na shaka huuliza. Mama aliye kwenye foleni ya kliniki anaweza kuuliza vilevile: mizani hii ilipimwa lini? Nesi aulizwapo hivyo asione kuwa amevunjiwa heshima. Bibi yule hakumvunjia mtu heshima.

Mizani yenyewe tuliirekebisha upya kwa mawe ya kuazima, kwa kuwa vigezo vya awali havikuwa vimenakiliwa popote. Watoto wa asubuhi ile waliitwa kupimwa tena wiki iliyofuata, na kadi zao zikasahihishwa kwa kalamu nyekundu. Mjukuu wa bibi alikuwa ameongezeka gramu 300. Mama wa kwanza, yule aliyekaripiwa, hakurudi.